Kware thelathini nyuma ya nyumba: waanzie wapi?

Swali la msomaji wetu wa Tanga: "Nakaa mjini, nyumba ina ua mdogo kwa nyuma. Nina kuku wa kienyeji wanane. Nataka kuongeza kware thelathini hivi, watoto wapate mayai, tupate kitoweo mara mojamoja, na yakizidi niuze. Nimeambiwa kware hana kazi: unamchanganya na kuku, anakula pumba, anaatamia mwenyewe, na mayai yake yanatibu presha. Ni kweli? Na ninunue vifaranga au wakubwa?"

Dada, katika hayo uliyoambiwa hakuna hata moja la kulishika. Kware hachanganywi na kuku, pumba haimtoshi, haatamii, na yai lake si dawa. Lakini wazo lako ni zuri na ua wako unatosha. Kware thelathini wanaenea kwenye kizimba cha ghorofa tatu kinachochukua nafasi ya kabati la nguo, na jike huanza kutaga akiwa na wiki sita mpaka nane, umri ambao kifaranga wa kienyeji bado anamfuata mama yake. Wanaoshindwa, wengi wao walimlea kama kuku mdogo, na humo ndimo yanamotoka karibu makosa yote nitakayokueleza.

Kuhusu dawa, tulimalize kwanza. Yai la kware lina protini gramu 13 hivi kwa kila gramu 100, sawa na la kuku. Ni chakula kizuri kwa mtoto. Halishushi presha wala sukari, na mwenye dawa za hospitali asiziache kwa sababu yake. Ile desturi ya kulinywa bichi pia uiache, kwa kuwa bakteria wa salmonela hukaa kwenye yai la kware kama wanavyokaa kwenye la kuku. Lichemshe dakika nne tangu maji yatokote, litakuwa limeiva mpaka ndani.

Ndege tunayemzungumzia ni kware wa Kijapani, aliyefugwa vizazi vingi mpaka silika yake ya kuatamia ikapotea. Si yule kware wa porini ambaye magharibi mwa Kenya Waluhya humwita isindu na Waluo aluru, anayetegwa kwa kutundika madume kwenye vikapu juu ya mti mrefu ili wawaite wenzao. Huyo wa porini ni mnyamapori, usinunue wa kutegwa hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Kenya, wakati ufugaji ulipopamba moto, hata mfugaji wa kware wa Kijapani alitakiwa kuwa na kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, pita kwa afisa mifugo wa kata yako na ofisi ya maliasili ya halmashauri, uulize kinachotakiwa kwako. Muuzaji naye mwambie akuonyeshe karatasi zake.

Na hapo kwenye "yakizidi niuze", nakuomba uwe mwangalifu. Mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014 Wakenya wengi walikimbilia kware kwa sababu yai liliuzwa mpaka shilingi 100 za kwao, kwa sifa hizohizo za dawa. Kila mtu akafuga, bei ikaporomoka hadi shilingi chache, watu wakabaki na ndege wasio na mnunuzi. Anza kwa hesabu ya nyumba yako. Ukipata mteja wa kudumu, hoteli au jirani, ndipo uongeze.

Thelathini watakupa nini

Chukua majike 24 na madume 6. Majike hao wakilishwa vizuri watakupa mayai 18 hivi kwa siku. Yai moja lina gramu 10 hadi 12, kwa hiyo matano ndiyo uzito wa yai moja la kuku, na hayo 18 hayafiki manne ya kuku. Ukijua hilo mapema hutavunjika moyo baadaye.

Kwa chakula, kware mkubwa hula gramu 25 kwa siku. Wote thelathini ni gramu 750, yaani kilo 23 kwa mwezi, nao kwa mwezi watataga kama mayai 540. Gawanya: kila yai limegharimu gramu 43 za chakula, ikiwa ni pamoja na kile wanachokula madume. Tuseme kilo unainunua shilingi 2,000, basi yai moja limekula shilingi 85 kabla hujahesabu umeme, dawa na jasho lako. Usiuze chini ya hapo ukadhani unapata faida.

Ukitaka mayai ya kula tu, madume huyahitaji kabisa, maana jike hutaga bila dume. Dume ni la mayai ya kutotolesha. Lakini wewe unataka na kitoweo, kwa hiyo waweke.

Wanunuliwe wakubwa kiasi gani

Usianze na vifaranga wa siku moja. Kifaranga wa kware anapototolewa ana gramu 6 mpaka 9, hafiki uzito wa vijiko viwili vya chai vya sukari, na kosa la saa moja la joto au maji linammaliza. Nunua wa wiki nne au tano. Wameshaota manyoya, hawahitaji taa ya joto, na jinsia inaonekana kwa macho. Kwa wale wa rangi ya kahawia ya kawaida, jike ana kifua cha kijivu chenye madoadoa meusi. Dume ana kifua chekundu cha kutu kisicho na doa. Kwa weupe rangi haisaidii. Subiri wafike wiki sita, mgeuze ndege, bonyeza taratibu juu ya tundu la haja: dume hutoa povu jeupe kama la sabuni.

Majike nunua kwa mtu mmoja na madume kwa mwingine. Kware huharibika upesi sana wakizaliana ndugu kwa ndugu. Kizazi cha pili na cha tatu mayai hayarutubiki, vifaranga hufia ndani ya ganda, wanaotoka huwa na miguu mibovu. Kila mwaka badilishana madume na mfugaji mwingine.

Anayefaa ana macho makavu, tundu safi lisilogandwa na kinyesi, na akishikwa anapapatika kwa nguvu. Ukimwona mmoja amejikunyata na kufumba macho mchana, usichague hata mmoja kwenye kizimba hicho. Wasafirishe jioni kwenye boksi fupi lenye matundu. Boksi likiwa refu wataruka na kupasua vichwa.

Kizimba

Kware akishtuka haruki kwenda mbele kama kuku. Hupaa wima, kwa kasi, na kichwa ndicho kinachotangulia. Ndiyo maana kimo cha kizimba kiwe sentimita 25, asipate nafasi ya kuchukua kasi. Ama kiwe banda la kusimama mtu, mita moja na nusu kwenda juu. Kimo cha katikati, cha mita moja hivi, ndicho kinachoua. Juu tandika wavu laini au gunia badala ya waya mgumu.

Kwako ningejenga hivi. Fremu ya mbao za mbili kwa mbili, ghorofa tatu, kila ghorofa upana wa sentimita 90 na kina cha 45. Ghorofa igawe katikati, upate vyumba sita vya 45 kwa 45. Kila chumba weka majike manne na dume moja. Madume mawili chumba kimoja yatapigana mpaka moja litobolewe kichwa, na majike wataparuliwa migongo.

Sakafu iwe waya wa matundu ya nusu inchi, ulioinama kutoka nyuma kwenda mbele kwa sentimita 6, na uendelee nje ya ukuta wa mbele sentimita 10 huku ncha yake imekunjwa juu. Yai likitagwa linabingirika lenyewe mpaka nje, halichafuki wala kudonolewa. Uwazi chini ya ukuta wa mbele uwe sentimita 3, yai lipite na ndege asipite. Mbele tumia nondo nyembamba au fito zilizoachana sentimita 2.5 ili watoe vichwa kula na kunywa nje. Wakila ndani watamwaga robo ya chakula na kunya kwenye kilichobaki. Kona moja ya kila chumba weka kipande cha ubao au mkeka wapumzishe nyayo. Waya mtupu mwaka mzima huwatia vidonda vya miguu.

Chini ya kila ghorofa weka sinia la bati lenye maranda, ulimwage kila siku ya pili au ya tatu. Hili usilifanyie uvivu. Kinyesi cha kware kina amonia kali, na ukiinama mbele ya kizimba macho yakikuwasha, wao yamewawasha tangu jana. Mafua mengi ya kware huanzia hapo, na malalamiko ya majirani pia. Kinyesi kiozeshe miezi miwili kabla ya kukipeleka kwenye mchicha, maana kikiwa kibichi huunguza.

Hapo Tanga paa la bati bila kitu chini litawachoma. Makuti ni bora, au tandika makuti chini ya bati. Elekeza kizimba ambako upepo wa bahari unapita bila mvua kuingia. Ukiwaona wameachama midomo na kutanua mabawa, joto limewazidi: wabadilishie maji, lowesha makuti, na chakula wape asubuhi na mapema na jioni. Kware thelathini wanywe lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, na siku za joto zaidi ya hapo.

Miguu ya kizimba isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu. Siafu wakiingia usiku mmoja, asubuhi utakuta mifupa. Panya nao hupita tundu la inchi moja, na paka huvuta mguu wa ndege kupitia waya, kwa hiyo kuta zote ziwe za waya wa nusu inchi, usitumie waya wa kuku wenye matundu makubwa. Kunguru wa pwani watakumalizia mayai yaliyobingirika nje. Funika sehemu hiyo ya nje yanakotua mayai kwa kipande cha wavu.

Kuku wako wanane wakae mbali, na mhudumie kware kwanza ndipo uende kwa kuku, usirudi nyuma. Kuku wa kienyeji huweza kubeba vimelea na magonjwa bila kuonyesha dalili, kisha kware wakafa. Hao kuku wachanje mdondo kwa chanjo ya matone ya jicho ya I-2 kila miezi mitatu, utakuwa umewapunguzia hatari wote wawili.

Chakula, ambako wengi huanguka

Kware hukua kwa kasi ya ajabu. Katika wiki sita anaongeza uzito wa kuzaliwa zaidi ya mara kumi na tano, na kasi hiyo inataka protini. Tangu siku ya kwanza mpaka wiki ya tano au sita anahitaji chakula chenye protini asilimia 24 kwenda juu. Akianza kutaga, asilimia 20 inatosha, lakini chokaa iongezeke.

Chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama kina asilimia 21 hivi, cha kuku wa mayai kina 16 au 17. Vyote viwili ni pungufu, na ndiyo sababu mtu hukwambia "wangu wana miezi mitatu hawajataga". Huhitaji kiwanda kurekebisha. Chukua kilo 9 za chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama, changanya na kilo 1 ya unga wa dagaa wenye protini asilimia 55: utapata asilimia 24 na kitu. Hicho ni cha wadogo. Kwa wanaotaga, kilo 9 za chakula cha kuku wa mayai na kilo 1 ya dagaa haohao: utapata asilimia 20. Kipimo ni kimoja, kinachobadilika ni mfuko.

Ila dagaa ni dagaa gani? Hapo pwani dagaa wa baharini huchemshwa na maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi hiyo huua ndege wadogo: watakunywa sana, wataharisha maji, watalegea. Tumia dagaa wa ziwani, wasio na chumvi. Hao nao wa mifugo huanikwa mchangani, kwa hiyo wapepete kabla ya kusaga, usije ukanunua mchanga kwa bei ya protini. Ukikosa dagaa, soya inafaa, lakini lazima ikaangwe mpaka ibadilike rangi na kunukia ndipo isagwe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, ndege anakula na hanenepi.

Pumba na mahindi matupu humpa nguvu ya kuruka na mafuta tumboni, basi. Kuku wa kienyeji anayeachiwa hujiongezea wadudu na mchwa. Kware yumo kizimbani, hana pa kuongezea. Mchicha uliokatwa vipande vidogo ni mzuri, kiganja kimoja kwa chumba, na wakila majani wape changarawe ndogo.

Ganda likiwa laini au jembamba, ongeza chokaa ya mifugo, au saga magamba ya kome yaliyooshwa chumvi na uweke kwenye kopo la pembeni, wajichukulie wenyewe. Usiwachanganyie vijana wasiotaga, figo zao zitaumia.

Chakula kisizidi mwezi mmoja baada ya kuchanganywa. Hewa ya pwani ina unyevu, na unga ulioota ukungu una sumu. Ukinusa uvundo, mwaga. Hata kuku usiwape.

Mwanga na kutaga

Tanga iko karibu na ikweta, mchana wenu ni saa 12 kwa mwaka mzima. Jike la kware hutaga vizuri likipata mwanga wa saa 14 mpaka 16. Washa balbu ndogo ya wati 3 hadi 5 kuanzia saa 12 na nusu jioni mpaka saa 3 na nusu usiku, na iwe kila siku kwa wakati uleule. Leo ukiwasha, kesho umeme ukatike, keshokutwa usahau, watapunguza kutaga na wengine wataanza kunyonyoka manyoya. Taa ya sola yenye betri inafaa sana hapa. Mwanga usiwe mkali, ukiweza kusoma gazeti kwa taabu unatosha.

Usiwaanzishie mwanga wa ziada kabla ya wiki ya sita. Jike likisukumwa kutaga mwili haujakomaa, kizazi hutoka nje pamoja na yai, na wenzake wakiona chekundu watamdonoa mpaka afe.

Kuku hutaga asubuhi. Kware wengi hutaga alasiri mpaka magharibi. Okota jioni. Wiki mbili za mwanzo utaona mayai madogo, mengine bila kiini, mengine bila madoa, na hilo ni la kawaida. Wakifika miezi minane hadi kumi idadi itashuka, na mwaka ukitimia wapeleke jikoni.

Dalili za kuamka nazo

Kila asubuhi kabla ya kuwalisha simama dakika mbili uwaangalie. Wanaodonoana wana moja kati ya haya: wamebanana, mwanga ni mkali, protini ni ndogo, au chumvi imekosekana kabisa kwenye chakula ulichojichanganyia. Mtoe anayetoka damu saa ileile.

Ugonjwa ninaokutahadharisha kuliko yote ni ule wa vidonda vya utumbo, ambao wafugaji wa kware wa nchi nyingi huuita ugonjwa wa kware kwa jinsi unavyowapenda. Unaletwa na bakteria wanaokaa kwenye kinyesi. Huanza kwa kukuta ndege mnene, mwenye chakula kwenye gole (mfuko wa chakula ulio shingoni), amekufa ghafla; kesho wanakuwa watatu. Wengine wanajikunyata, kinyesi ni cha majimaji meupe. Ukimpasua, utumbo una madoa ya manjano kama vidonda. Hapo usibahatishe dawa ya dukani. Mpeleke aliyekufa siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo, akuandikie antibayotiki na kipimo chake, na akuambie ni siku ngapi mayai yasiliwe. Kinga yake ni sakafu ya waya, sinia safi na kutochangamana na kuku. Kuhara damu kwa vimelea vya koksidia nako huja zaidi kwa waliolelewa sakafuni penye unyevu.

Kutotolesha na kulea, ukishazoea

Jipe miezi mitatu kwanza. Baadaye mayai ya kutotolesha yachague kwenye vyumba vyenye dume, safi, yasiyo na ufa, yenye gramu 10 hadi 12. Usiyaoshe. Yahifadhi chumba cha ubaridi, ncha nyembamba chini, kwa siku zisizozidi saba. Ndani ya friji hapana.

Mashine yenye feni iweke nyuzi 37.5, isiyo na feni iweke 38.5 hadi 39 ikipimwa usawa wa juu wa mayai. Unyevu uwe asilimia 45 hadi 50 siku 14 za kwanza, kisha 65 hadi 70 mpaka mwisho. Kwa hewa ya Tanga huenda kijibeseni kimoja cha maji kinatosha mwanzoni, nunua kipima unyevu usikadirie. Geuza mara tatu au tano kwa siku mpaka siku ya 14, halafu acha, funga, usifungue tena. Siku ya 17 watapasua, wachache siku ya 18. Umeme ukikatika usifungue mashine kuchungulia; ifunike mablanketi. Saa moja au mbili za ubaridi mayai huvumilia, kuliko kupata moto wa ghafla unapojaribu kufidia.

Koo la kienyeji dogo linaweza kuatamia mayai 15 ya kware, bila kuyachanganya na yake yanayotaka siku 21. Lakini wakishakauka wachukue, kwa kuwa atawakanyaga.

Kwa vifaranga 50 tengeneza boksi la sentimita 60 kwa 100, kuta za sentimita 40. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 35 hadi 37 chini ya balbu, kila wiki punguza nyuzi 3. Kipimajoto weka, ila waamini vifaranga kuliko chuma: wakijilundika chini ya taa na kulia, baridi, wakikimbilia pembeni na kuachama, moto, wakitawanyika na kula kimyakimya, ndiyo. Kwenu mchana taa huenda ikazimwa kabisa, na hatari yenyewe ni alfajiri. Ukitumia jiko la mkaa badala ya umeme, chumba kiwe na pa kutolea hewa, la sivyo moshi usioonekana utawaua, na wewe pia.

Sakafu usitandike gazeti au nailoni. Miguu huteleza, hutanuka kama mikasi, na baada ya siku mbili haikunjiki tena. Tandika kitambaa cha taulo kuukuu siku tano za kwanza, baadaye maranda. Chakula kichekeche kwa chujio la unga, ukinyunyize juu ya kitambaa siku ya kwanza wakione. Maji weka kwenye kifuniko kifupi kilichojazwa kokoto, wanywe katikati ya mawe. Kifaranga wa kware huzama kwenye maji ya kina cha kidole, na asiyezama hulowa akafa kwa baridi. Kokoto utaziondoa siku ya saba. Siku ya kumi funika boksi kwa wavu, maana wataanza kuruka.

Kitoweo

Madume ya ziada chinja yakiwa na wiki sita au saba. Nyama ni laini na baada ya hapo wanakula bila kuongezeka. Ondoa chakula saa sita kabla, maji waachie. Tumia kisu kidogo chenye makali sana, muda ni mfupi na ndege hateseki. Kunyonyoa, tumbukiza kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa sekunde 20 hadi 30. Yakichemka ngozi inachanika. Kama ngozi huipendi, ichane kifuani na uivue yote pamoja na manyoya, ni kazi ya dakika moja. Wa gramu 140 atakuachia gramu 100 hivi, kwa hiyo mlo wa mtu mzima ni wawili.

Mwache kwenye ubaridi saa chache kabla ya kupika, nyama ilegee. Ana mafuta kidogo mno, hukauka akichomwa kama kuku. Mpasue mgongo, mbanike dakika tano kila upande, kisha mmalizie kwenye tui zito la nazi lenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu kwa dakika kumi na tano.